Kipimo cha Kila Siku

Somo: Kutoka 16:13–21

  

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona ni la jikoni tu, wala si la kanisani: uzito wa miili yetu, na jinsi mtu awezavyo kuupunguza uzito uliozidi asiupate tena mwakani. Labda mtu atauliza, “Injili na tumbo vina uhusiano gani?” Ndugu mpendwa, Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu, wala si mali yetu wenyewe. Tena, tunawazika wapendwa wetu kwa magonjwa ya sukari na ya shinikizo la damu, na kuna jamaa wanaouza kipande cha shamba kilichobaki ili mama yao apate kusafishwa damu hospitalini. Jambo linalofika makaburini na kwenye hati za mashamba linafika kanisani pia.

Tusome basi habari ya mana. Wana wa Israeli walipokuwa jangwani waliona njaa wakanung’unika. Mungu akawapa chakula kutoka juu, lakini alikitoa kwa namna ya pekee. Hakuwapa ghala. Aliwapa kipimo: pishi moja kwa kila kichwa, kwa kila siku. Aliyeokota kingi hakuzidiwa, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Wako waliojaribu kuweka akiba mpaka asubuhi, nao wakakuta chakula kimeoza na kuingia mabuu. Watu hawa walikula hivyo kwa miaka 40. Hawakushiba kupita kiasi leo na kulala njaa kesho. Waliamka kila asubuhi wakaokota kipimo chao.

Hapa pana fundisho kubwa kwa mtu anayetaka kupunguza uzito. Lakini kwanza tutazame hali yetu.

Katika Kenya, uchunguzi wa taifa juu ya afya ya jamaa uliofanywa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake 33 katika kila 100 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 49 walikuwa na uzito uliozidi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta wamefika 45 katika kila 100. Ni miaka minane tu. Wala tusiseme kwamba kina mama wamekuwa wavivu. Kina mama wa kwetu huamka kabla ya jogoo kuwika. Jambo lililobadilika ni maisha yanayotuzunguka.

Wazee wetu walikula ugali wa wimbi, uliosagwa kwa mkono juu ya jiwe. Walikula chinsaga na managu, maharagwe, viazi vitamu, na maziwa yaliyoganda. Nyama ilikuwa ya siku maalumu. Walipanda na kushuka vilima hivi kwa miguu, na kuteka maji bondeni. Katika karne iliyopita mahindi yakachukua mahali pa wimbi, kisha ukaja unga uliokobolewa ukawa mweupe na laini, usio na makapi. Sukari ikawa kitu cha kila nyumba. Mafuta ya kupikia yakauzwa hata kwa kipimo kidogo dukani. Mashamba yakagawanywa kwa wana na wajukuu, kazi ya jembe ikapungua kwa wengi, na bodaboda ikatufikia mlangoni. Hatuzilaani baraka hizi. Bodaboda imemfikisha hospitalini mama mwenye uchungu wa kuzaa. Lakini mwili ulioumbwa kupanda kilima sasa unapandishwa, na chakula kimeongezeka utamu na mafuta.

Basi mtu akiona nguo hazimtoshi, au daktari akimwonya, afanya nini? Mara nyingi hukimbilia njia ya haraka. Wiki mbili hali ugali hata kidogo. Anywa maji ya ndimu na supu ya kabichi. Mwingine anunua majani ya kunywa yanayotangazwa sokoni kwamba yatakausha tumbo kwa siku kumi. Kweli, kilo nne zatoka, na majirani wamsifu. Baada ya miezi sita kilo hizo zimerudi, nazo zimekuja na wenzake. Naye hujiona mwenye dhambi na dhaifu, akasema, “Mimi siwezi.”

Ndugu mpendwa, shida haipo katika udhaifu wa moyo peke yake. Mwili umeumbwa kujilinda na njaa. Sikilizeni habari hii. Mwishoni mwa mwaka 1944, vita kuu ikiwa bado inaendelea, vijana 36 wa Marekani walijitolea katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Walikuwa watu waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri, na wengi wao walitoka katika makanisa yanayofundisha amani. Walikubali kula karibu nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi sita, ili waganga wajifunze namna ya kuwalisha watu waliopatwa na njaa ya vita. Hawakuwa wanene, walikuwa vijana wenye afya. Walipungua kama robo ya uzito wao. Mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Walisoma vitabu vya mapishi, wakalamba sahani, wakawa wepesi wa hasira na huzuni. Nao walipofunguliwa, wengine walikula bila kuweza kujizuia, na mafuta ya miili yao yakazidi yale waliyokuwa nayo mwanzo.

Hawa walikuwa watu wenye imani na nia thabiti, hata hivyo njaa iliwashika. Hata leo waganga wameona kwamba mtu akipungua kwa haraka, mwaka mzima unaweza kupita na hamu yake ya kula bado iko juu kuliko zamani. Na tena mwili mwepesi hutumia chakula kidogo kuliko mwili mzito. Kwa hiyo yule mama aliyerudisha kilo zake asijihukumu. Alichagua njia ambayo mwili ulikuwa umejiandaa kuishinda.

Wengine hutuambia, “Mbona Danieli alikula mboga na maji siku kumi?” Tumshukuru Mungu kwa Danieli, lakini tusome vizuri. Siku zile kumi zilikuwa za kujaribiwa tu. Zilipokwisha, msimamizi aliendelea kuwapa mboga, nao walikuwa wamewekewa miaka mitatu ya kufundishwa. Tena Biblia inasema kwamba baada ya siku kumi Danieli na wenzake walionekana wamenenepa kuliko vijana waliokula chakula cha mfalme! Basi anayetafuta katika kitabu kile dawa ya kukonda kwa siku kumi amekosea mlango. Tunachokipata kwa Danieli ni mtu aliyeamua moyoni mwake, akachagua chakula alichoweza kuendelea nacho, akaendelea nacho.

Hiki ndicho kipimo tunachotaka kuwapa leo. Kabla hujaanza namna yoyote mpya ya kula, jiulize: “Je, nitaweza kula hivi mwaka wa tano? Nitaweza kula hivi mvua ikinyesha na jua likiwaka, pesa zikiwapo na zikikosekana, nikiwa kwangu na nikiwa kwa wakwe?” Kama jibu ni hapana, usianze. Tafuta jambo dogo zaidi utakaloweza.

Na mambo madogo yapo. Tuanze na chai, maana sisi ndio tunaoichuma. Mtu anayekunywa vikombe vinne kwa siku na kutia vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe amekula vijiko 12. Kijiko kidogo kilichosawazishwa kina gramu nne hivi. Hiyo ni gramu 48 za sukari, karibu kalori 190, kabla hajala chochote. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata katika chakula, na kwamba ni vema zaidi isizidi nusu ya hapo, yaani kama vijiko sita. Hatusemi uache sukari kesho. Punguza nusu kijiko katika kila kikombe, ukae hapo wiki mbili au tatu mpaka ulimi uzoee, kisha punguza nusu nyingine. Ulimi ni mwanafunzi mwepesi ukifundishwa polepole.

Pili, mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Wapishi wengi humimina kutoka chupani kwa jicho, na jicho huwa karimu. Pima kwa kijiko. Ndizi zetu na viazi vitamu ni vitamu vikichemshwa. Si lazima kila kitu kizame katika mafuta. Mandazi na chapati viwe vya siku moja moja, visiwe vya kila asubuhi. Parachichi ni chakula kizuri, lakini nalo lina mafuta mengi. Ukila nusu, punguza mafuta ya sufuria.

Tatu, sahani. Sikilizeni vizuri, maana hapa wengi huogopa. Hatuwaambii muache obokima. Mtu wa kwetu akiambiwa asile ugali maisha yake yote, ataitikia kwa adabu, kisha atakwenda nyumbani kuusonga. Ugali na ukae, lakini ubadilishe kiti. Nusu ya sahani iwe mboga za majani: chinsaga, managu, terere, majani ya maboga, sukuma wiki. Robo iwe maharagwe, au omena, au yai, au kipande cha nyama au kuku. Robo iliyobaki iwe ugali, kiasi cha ngumi yako mwenyewe. Na mahali palipo na ugali, ndizi za kupika na viazi katika mlo mmoja, chagua kimoja, kwa kuwa vyote vitatu ni jamaa moja. Ukiweza, tumia unga wa wimbi, au mahindi yaliyosagwa bila kukobolewa, maana makapi hukaa tumboni na kuzuia njaa isirudi upesi. Lakini usidanganyike kwamba wimbi ni dawa; sahani iliyojaa ugali wa wimbi bado ni sahani iliyojaa.

Mungu ametupa mboga hizi katika udongo wetu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuwaonyesha Wakenya kwamba mboga za asili, zilizodharauliwa kuwa magugu, ni hazina. Chinsaga hukua upesi hata nyuma ya jiko, na mbegu zake hurudi ardhini zenyewe. Uchungu wake usikutishe. Bibi zetu waliupoza kwa maziwa, wakaiacha ilale mpaka kesho yake.

Nne, miguu. Ukishuka kwenye matatu kituo kimoja kabla ya chako, au ukaiacha bodaboda mara tatu kwa wiki, vilima vyetu vitakufanyia kazi bila malipo. Huko Marekani, uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2002 uliwafuata watu 3,234 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari. Kundi moja lilifundishwa kula kwa kiasi na kutembea dakika 150 kwa wiki. Lengo lao lilikuwa kupunguza sehemu 7 katika 100 za uzito wao. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo sita na kidogo. Kwa wastani walipungua kilo tano na nusu hivi. Hawakuwa wembamba. Lakini katika muda wa miaka mitatu hivi, ugonjwa wa sukari ulipungua kwao kwa asilimia 58, ukilinganisha na wale ambao hawakufundishwa hivyo. Kilo tano, wapendwa! Usidharau siku ya mambo madogo.

Sasa tuseme neno kwa jamaa na kwa kanisa, maana mtu hali peke yake. Mama hawezi kupika vyungu viwili, kimoja chake na kimoja cha mume. Ewe baba wa nyumba, ukiona mboga zimeongezeka na mafuta yamepungua, usiulize kama fedha za matumizi zimeibwa. Kula, ushukuru. Daktari aliyemwonya mkeo leo aweza kukuonya wewe kesho.

Tena tunajua ukarimu wetu. Mgeni akiingia, lazima ale, na akimaliza huongezwa. Mama aliyepewa shauri na daktari akisema, “Nimeshiba, mwanangu, Mungu awabariki,” utasikia, “Mama, umekikataa chakula chetu? Ongeza kidogo tu!” Naye kwa haya huongeza. Ndugu zangu, tumpe mgeni heshima ya kusema ametosheka. Ukarimu wa kweli humtazama mgeni, hautazami sufuria. Na chai ya kanisani, sukari isitiwe yote katika birika. Iwekwe kando, kila mtu atie kipimo chake.

Liko jambo jingine zito. Kwetu unene umehesabiwa kuwa dalili ya kuona maisha, na anayepungua huanza kusemwa kichinichini: “Umemwona? Ana ugonjwa gani?” Kwa ajili ya minong’ono hiyo kuna dada aliyeanza vizuri akaacha, akaona afadhali kuumwa na magoti kuliko kuumwa na ndimi. Na upande wa pili wako wanaomcheka mtu mnene mbele ya watu, hata watoto. Yote mawili ni dhambi ya ulimi. Ukimwona ndugu amepungua, mwulize habari zake kwa upendo. Ukimwona amenenepa, usiufanye mwili wake kuwa mzaha wako.

Tuonye pia kwa uwazi. Si kila mtu atakiwa kupungua. Mama mjamzito, anayenyonyesha, mtoto anayekua, mzee aliyedhoofika, na mtu anayekonda bila kujua sababu, hawa wamwone mganga kwanza. Mtu anayetumia dawa za sukari, hasa sindano, asifunge chakula wala asibadilishe milo yake ghafula bila shauri la kliniki, maana sukari ikishuka sana huweza kuua. Ukiwa na shaka, nenda zahanati iliyo karibu, au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, au Hospitali ya Rufaa ya Nyamira. Tena tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari. Wakibisha hodi, wafungulieni.

Mwisho, twaongea na wewe uliyeanza ukaanguka. Ulikwenda matangani au harusini, ukala kupita kiasi, na kesho yake ukasema, “Nimeharibu, basi nile tu.” Kumbuka mana. Kipimo cha jana hakikuweza kuwekwa kwa ajili ya leo, na kosa la jana halikuizuia mana ya leo. Hata wale walioweka akiba ikaoza, asubuhi walitoka nje wakaikuta iko pale, juu ya ardhi, kama kawaida. Karamu moja haimnenepeshi mtu, kama vile siku moja ya kufunga haimkondeshi. Yanayotunenepesha na kutupunguza ni mambo tunayoyafanya siku ambazo hakuna anayetuona. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza.

Basi wiki hii chagua jambo moja tu: nusu kijiko cha sukari, au mboga nusu sahani, au kilima kimoja kwa miguu. Lishike mpaka liwe desturi, ndipo uongeze la pili.

Na tuombe. Ee Baba, utupe leo kipimo chetu, utufundishe kujua tulipotosheka. Wakumbuke walio na njaa katika nchi yetu, usituache tukashiba na kuwasahau. Wape nguvu walio katika vitanda vya hospitali kwa magonjwa ya sukari na damu. Uyabariki mashamba yetu madogo, na mikono ya kina mama wanaotupikia. Utupe uvumilivu wa siku nyingi, kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.